Ajali Mbali na Nyumbani: Kesi ya Fidia Ifunguliwe Mahakama Gani?

Kesi ya fidia ya majeraha ya ajali ya barabarani nchini Kenya inaweza kufunguliwa katika mojawapo ya mahali pawili. Pa kwanza ni katika mahakama yenye mamlaka juu ya eneo ilikotokea ajali. Pa pili ni katika mahakama ya mahali anapoishi mdaiwa, anapofanyia biashara au anapofanya kazi ya kumpatia riziki. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinampa mdai uhuru wa kuchagua kati ya mahakama hizo, na uchaguzi huo ni wake peke yake. Asili ya kifungu hiki ni sheria ya India ya mwaka 1908, ambayo serikali ya kikoloni iliitumia kama kielelezo kote Afrika Mashariki, na ndiyo sababu kanuni inayofanana nayo hukutwa Uganda pia.

Linalowashangaza wengi ni lile ambalo kifungu hicho hakilisemi. Hakitaji popote makazi ya mdai. Mama anayeuza nguo Langas, Eldoret, akigongwa Naivasha na lori la kampuni ya Mombasa, sheria inampa Naivasha na inampa Mombasa. Eldoret, mji anakoishi, alikolazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na waliko watoto wake, haumo. Kwa mtu anayetembea kwa magongo jambo hili ni zito, wala hakuna haja ya kulipamba. Msingi wake ni kwamba mtu asiburutwe mahakamani mahali asikoishi, asikofanyia kazi na asikotenda kosa lolote.

Kwa wakazi wa Eldoret suala hili hujitokeza mara nyingi kuliko kwingine, kwa sababu ya mahali mji ulipo. Barabara ya A8 inayotoka Mombasa kwenda Malaba hupita humo, na malori ya Uganda, Rwanda na Kongo huitumia usiku na mchana. Wakazi wenyewe husafiri kwenda Nakuru na Nairobi, Kitale, Kisumu na Kakamega. Ajali kubwa za miaka ya karibuni ambazo watu wa magharibi ya Bonde la Ufa hawajazisahau zilitokea nje ya Kaunti ya Uasin Gishu: Sachangwan tarehe 31 Desemba 2017, ambako walikufa watu 36, Fort Ternan tarehe 10 Oktoba 2018, ambako walikufa zaidi ya 50, na Londiani Junction tarehe 30 Juni 2023, ambako lori liliparamia wachuuzi na abiria na kuua watu 52. Waliofariki na waliojeruhiwa katika ajali za namna hii hutoka kaunti mbalimbali, na magari yaliyohusika huwa na wenyewe katika kaunti nyingine kabisa.

Hata hivyo, kesi za ajali za mbali hufunguliwa Eldoret kila mara, na baadhi huendelea hadi hukumu bila tatizo. Sababu iko katika kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo. Mdaiwa anayeona kesi imefunguliwa mahali pasipofaa anatakiwa atoe pingamizi katika mahakama hiyohiyo ya kwanza. Akinyamaza, mahakama ya rufaa haitamsikiliza baadaye. Na hata kama alilitoa, atahitaji kuonyesha kwamba haki ilipotoka kwa sababu ya mahali kesi iliposikilizwa. Mawakili wa kampuni za bima wakati mwingine hawaoni faida ya kubishania mahali, hasa ikiwa ofisi yao iko Eldoret. Wengine hulitoa pingamizi mapema na kulishikilia. Kifungu cha 18 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuihamisha kesi kutoka mahakama ya chini moja hadi nyingine. Kufungua Eldoret bila msingi wa kifungu cha 14 kwa hiyo ni kubahatisha: kesi inaweza kupita salama, na inaweza pia kupoteza miezi mingi katika maombi ya kuihamisha kabla ya shahidi wa kwanza kusikilizwa.

Kosa la mahali halipaswi kuchanganywa na kosa la kiwango cha pesa. La kwanza hurekebishika. La pili huua kesi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya meli ya Lillian S mwaka 1989, majaji wa Kenya wameshikilia kwamba mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kuchukua hata hatua moja zaidi. Kesi ya Kagenyi dhidi ya Musiramo, iliyoamuliwa Uganda mwaka 1968 na kunukuliwa Kenya hadi leo, iliweka wazi kwamba kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kuokolewa kwa kuihamishia mahakama inayostahili. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilirudia msimamo huo mwaka 2019 katika kesi ya kampuni ya bima ya Phoenix dhidi ya Thiga. Mdai wa namna hiyo hulazimika kuanza upya, na ikiwa muda wa kisheria umekwisha wakati akihangaika, hana tena pa kuanzia.

Viwango vyenyewe viko katika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015. Hakimu mkazi husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, hakimu mkazi mwandamizi milioni 7, hakimu mkuu wa daraja la kati milioni 10, mwandamizi wake milioni 15, na hakimu mkuu wa kituo milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 11 cha Sura ya 21 kinaagiza kesi ianzie katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa inayoweza kuisikiliza, kwa hiyo kukimbilia Mahakama Kuu kwa mguu uliovunjika si ujasiri; ni gharama ya bure. Makadirio hufanywa na wakili kwa kutumia ripoti ya daktari na hukumu za nyuma kuhusu majeraha yanayofanana. Jambo la kuangalia ni cheo cha hakimu aliyeko katika kituo. Mji mdogo ulio karibu na eneo la ajali unaweza kuwa na hakimu wa milioni 7 tu, ilhali aliyejeruhiwa uti wa mgongo anadai gharama za matibabu ya maisha yake yote. Katika hali hiyo uchaguzi wa mahali na uchaguzi wa ngazi hufanywa kwa pamoja.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Eldoret inayo. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, taratibu zake ni nyepesi, na rufaa huruhusiwa kwa hoja za kisheria pekee. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hatima ya kesi inayopitisha siku hizo, na hilo peke yake latosha kumfanya mdai awe na mashahidi na ripoti zake tayari kabla ya kufungua. Mahakama hii inafaa kwa michubuko, mikwaruzo na majeraha ya misuli ambapo hakuna ubishi mkubwa kuhusu nani alikosea. Ajali ya magari matatu yanayotupiana lawama haiingii humo vizuri, hata kama kiasi kinachodaiwa ni kidogo.

Mtu mwenye jamaa Marekani huenda amesikia kwamba kuchagua jimbo la kufungulia kesi kunaweza kubadilisha kiasi cha fidia. Huko ni kweli. Kila jimbo lina sheria yake. Katika majimbo kama Virginia, Maryland, North Carolina na Alabama, mdai aliyechangia ajali hata kidogo huweza kukosa fidia yote, ilhali majimbo mengi hupunguza tu kiasi kulingana na kosa lake. Muda wa kufungua kesi Tennessee ni mwaka mmoja, Texas miwili, Massachusetts mitatu. Mwanafunzi au mkimbiaji kutoka Eldoret aliyegongwa akiwa safarini nje ya jimbo anakoishi kule anapaswa kumwona wakili wa jimbo ilikotokea ajali katika wiki za mwanzo, kwa kuwa jimbo hilo kwa kawaida lina mamlaka juu ya dereva mgeni aliyetumia barabara zake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo tangu mwaka 1927 katika kesi ya Hess dhidi ya Pawloski.

Kenya haina tofauti hizo. Sheria ya uzembe ni ileile Kapsabet na Kwale, na mahakama zimesisitiza kwa miaka mingi kwamba majeraha yanayofanana yapate fidia zinazokaribiana. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kwamba mahakama fulani ya mbali "inalipa vizuri" anamwekea matumaini juu ya mchanga: hukumu iliyopita kiasi hupunguzwa kwenye rufaa, na rufaa hula muda ambao mgonjwa hana. Ndani ya Kenya, uchaguzi wa mahakama ni suala la ushahidi, la gharama na la wepesi wa kumfikia mdaiwa. Ushahidi ndio uzito mkubwa zaidi, na hapo ndipo mdai anapaswa kutumia akili yake nyingi.

Mahali ilipotokea ajali ndiko uliko ushahidi wa namna ilivyotokea. Kituo cha polisi cha eneo hilo ndicho chenye kitabu cha matukio, nambari ya OB, mchoro wa eneo na afisa aliyefika kwanza. Abstrakti ya polisi hutolewa na kituo hicho. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea na kutaja magari, wenyewe na bima zao, lakini peke yake haithibitishi nani alikuwa na makosa. Kwa hilo anahitajika shahidi: abiria, mwendeshaji bodaboda aliyekuwa akisubiri wateja ng'ambo, mwenye kibanda, au afisa mwenyewe. Afisa wa trafiki wa Naivasha huitika kwa urahisi wito wa mahakama ya Naivasha. Kumwita Eldoret kunahitaji nauli, posho na ruhusa ya mkubwa wake, na akishahamishwa kituo, hali huwa ngumu zaidi.

Ikiwa dereva alishtakiwa kwa kosa la trafiki, kesi hiyo pia huwa katika mahakama ya eneo la ajali. Hapa wadai wengi hupoteza nafasi nzuri kwa kutofuatilia. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba mtu aliyetiwa hatiani, na muda wa rufaa ukapita, huchukuliwa kuwa amethibitishwa kosa lake. Mdai mwenye nakala ya mwenendo na hukumu ya kesi ya trafiki ameshavuka nusu ya safari. Hajaimaliza, kwa sababu uamuzi wa Robinson dhidi ya Oluoch wa mwaka 1971 unamruhusu dereva aliyetiwa hatiani kudai kwamba aliyeumia naye alichangia ajali, kwa mfano kwa kuvuka barabara bila kutazama. Nakala hizo huombwa katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi, na kama kesi ya madai iko katika jengo hilohilo, faili la trafiki huweza kuletwa bila usumbufu.

Ushahidi wa majeraha, kinyume chake, uko Eldoret. Muhtasari wa kuruhusiwa hospitalini, picha za eksirei, risiti za dawa na daktari aliyeandika ripoti vyote viko karibu na mgonjwa. Lakini stakabadhi husafiri kwa urahisi kuliko mashahidi wa macho. Mara nyingi mawakili wa pande zote mbili hukubaliana ripoti za madaktari zipokewe bila daktari kufika. Kampuni ya bima kwa kawaida humtaka mgonjwa achunguzwe na daktari wake pia, na uchunguzi huo huweza kufanywa Eldoret hata kama kesi iko Mombasa. Ndiyo maana, ubishi ukiwa juu ya nani alikosea, eneo la ajali ndilo chaguo linalofaa kwa kawaida. Ubishi ukiwa juu ya ukubwa wa jeraha tu, umbali wa mashahidi wa barabarani unapungua uzito.

Umbali wenyewe umepungua makali. Mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao, ulioanza katika mahakama za Nairobi mwaka 2020, ulienezwa katika mahakama nchini kote mwaka 2024. Wakili aliye Eldoret anaweza kuwasilisha hati Naivasha bila kupanda matatu, kulipa ada kwa simu, na kuhudhuria kutajwa kwa kesi kwa njia ya video. Siku ya ushahidi ndiyo ambayo mdai anapaswa kujiandaa kusafiri, kwa kuwa mahakimu wengi hupenda kumwona anayesema na makovu anayoyaonyesha. Safari moja au mbili kwa mtu mwenye shahidi imara ni afadhali kuliko kukaa nyumbani na kesi isiyo na shahidi.

Chaguo la pili, mahakama ya mdaiwa, lina maana hasa ikiwa mdaiwa mwenyewe yuko Eldoret. Lori la mfanyabiashara wa Eldoret likimgonga mkazi wa Kapsoya huko Mai Mahiu, kesi inaweza kufunguliwa Eldoret moja kwa moja, na hapo sheria na nauli zinakubaliana. Kabla ya kufikia uamuzi huo ni lazima mwenye gari ajulikane kwa hakika. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, huonyesha jina la mwenye gari, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenyewe mpaka kinyume kithibitishwe. Magari mengi huuzwa mkononi bila kubadilishwa jina, hivyo kumshtaki mtu mmoja tu anayetajwa kwenye abstrakti ni hatari. Ni kawaida kuwashtaki pamoja dereva, mwenye jina katika rekodi na anayelimiliki gari kwa kweli. Wadaiwa wakiishi kaunti tofauti, kifungu cha 15 cha Sura ya 21 kinaruhusu kesi ifunguliwe anakoishi mmoja wao, ila kwa ruhusa ya mahakama au wenzake wakiridhia.

Kampuni zina kanuni yao. Kampuni huhesabiwa kuwa inafanya biashara penye makao yake makuu. Tawi lake huhesabiwa tu kwa madai yaliyozuka mahali lilipo tawi hilo. Kampuni ya mabasi yenye makao makuu Nairobi na ofisi ya kukatia tiketi Eldoret haishtakiwi Eldoret kwa ajali ya Kikopey kwa sababu tu ya ile ofisi. Abiria aliyelipa nauli Eldoret anaweza kujenga hoja kwamba mkataba wa kumsafirisha salama ulifanyika pale, na kwamba sehemu ya chanzo cha madai ilizuka pale. Hoja hiyo ina msingi katika kifungu cha 15, lakini mtetezi atajibu kwamba madai ya uzembe si madai ya mkataba. Tiketi na ujumbe wa M-Pesa wa nauli vitunzwe kwa hali yoyote. Ndivyo vinavyothibitisha kwamba mtu alikuwa ndani ya basi.

Ajali ya basi lililojaa huzaa kesi nyingi, na kutawanyika kwa kesi hizo kunawaumiza wadai wenyewe. Abiria wawili wakishtaki Molo, watatu Eldoret na mmoja Nairobi, hakimu mmoja aweza kumpata dereva na makosa yote, mwingine akagawa lawama nusu kwa nusu. Zikifunguliwa katika mahakama moja, Amri ya 38 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 inaruhusu kesi moja ichaguliwe kuwa ya kielelezo, iamue nani alikosea, na uamuzi huo utumike kwa zilizobaki. Shahidi huitwa mara moja. Gharama hugawanywa. Wahanga wa ajali moja wakijuana wakiwa bado wodini, ni vyema wapeane simu, na mawakili wao waafikiane mapema kuhusu mahakama.

Dereva wa lori na utingo wake wako katika njia tofauti kabisa, na wengi wao hawaambiwi. Aliyeumia akiwa kazini analindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, WIBA, ambayo kifungu chake cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa jeraha hilo. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na asiyeridhika hupinga uamuzi na hatimaye kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Utingo wa Eldoret aliyevunjika mkono Salgaa akimshtaki tajiri wake mbele ya hakimu, popote pale, kesi itatupwa. Anaweza bado kumshtaki mwenye gari lingine lililosababisha ajali, na kwa huyo kifungu cha 14 cha Sura ya 21 kinarudi kutumika.

Muda hauna huruma na anayetafakari mahali. Madai ya uzembe hufa baada ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Dhidi ya Serikali, kwa mfano ikiwa gari lilikuwa la polisi, ni miezi 12 tu. Kwa mtoto, sheria huweza kuongeza muda, ingawa kuutegemea ni kuacha mashahidi wapotee. Mhanga akifariki, familia haiwezi kufungua kesi mpaka mmoja wao apate hati ya mahakama ya kusimamia madai ya marehemu. Hati hiyo huombwa Eldoret, karibu na familia, hata kama kesi ya ajali itafunguliwa Kericho. Chini ya Sheria ya Ajali za Vifo wanaofidiwa ni mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyekuwa akiwasomesha.

Anayelipa mwishoni huwa ni bima, si dereva. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inaitaka kampuni ya bima ilipe hukumu dhidi ya mteja wake hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, mradi iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati. Taarifa hiyo itumwe kwa maandishi kabla ya kesi kufunguliwa, na uthibitisho wa kupokelewa utunzwe. Itaje mahakama itakayotumika. Fidia ikizidi milioni 3, ziada hutafutwa kwa mwenye gari, na hapo ndipo makazi yake yanapokuwa na maana nyingine: hukumu ya Naivasha dhidi ya mtu mwenye nyumba Nyali huhamishiwa mahakama ya Mombasa ili dalali wa mahakama wa huko aitekeleze. Sheria inaruhusu, ila ni hatua ya ziada yenye ada zake.

Katika wodi za majeruhi huingia watu wanaojitambulisha kama wasaidizi wa mawakili, wakiwa na fomu za kutia sahihi. Wateja huwaita mabroka. Sheria ya Mawakili inakataza kutafuta wateja kwa njia hiyo, na inabatilisha mapatano ya wakili kuchukua asilimia ya fidia. Madhara yake kwa suala hili ni ya moja kwa moja: broka hupeleka kesi anakofahamika yeye, si kunakomfaa mgonjwa. Majeruhi aliyetia sahihi akiwa na maumivu anaweza kubadilisha wakili kwa maandishi. Anayo haki ya kuuliza nambari ya kesi na jina la mahakama, na wakili asiyeweza kutaja hayo mawili hastahili kuendelea kushika faili.

Ajali ikivuka mpaka, uchaguzi huwa mgumu zaidi. Lori la Uganda likimgonga mwendeshaji bodaboda Turbo, jibu ni rahisi: ajali ilitokea Kenya, kesi ni ya Kenya. Ugumu uko katika kumfikishia hati dereva aliyekwisha kurudi Kampala, jambo linalohitaji ruhusa ya mahakama chini ya Amri ya 5 ya Kanuni za mwaka 2010. Magari ya namna hii hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka iliyotokana na itifaki ya mwaka 1986. Ofisi inayosimamia mpango huo nchini Kenya ni Kenya Re, Nairobi, na madai hupitia huko kwa niaba ya bima ya Uganda. Nambari ya kadi ipigwe picha kabla gari halijaachiliwa kutoka kituo cha polisi, kwa kuwa baada ya hapo kuipata ni kazi ya miezi.

Mkazi wa Eldoret akiumia Uganda, tuseme kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, aanze kwa kuangalia aliyemgonga ni nani. Akiwa Mkenya mwenzake, mathalani dereva wa matatu ya Eldoret iliyokodishwa kwa mazishi, mahakama ya Kenya ina mamlaka juu ya mdaiwa anayeishi humu. Itadai, kwa kanuni ya kale ya Kiingereza iliyotokana na kesi ya Phillips dhidi ya Eyre ya mwaka 1870, kwamba tendo lenyewe liwe kosa katika nchi zote mbili, na uzembe barabarani ni kosa kotekote. Mashahidi watatoka Uganda, na ripoti ya polisi wa huko italazimika kupatikana kabla ya kuondoka, nakala zikiwa na mihuri.

Aliyemgonga akiwa Mganda, kesi ni ya Uganda. Muda wake kwa majeraha ya mwili ni miaka 3 vilevile. Mahakimu wakuu wa huko husikiliza madai hadi shilingi milioni 50 za Uganda, na yanayozidi huenda Mahakama Kuu, yenye vituo Mbale na Jinja. Mdai mgeni anaweza kuombwa aweke dhamana ya gharama. Bima ya lazima ya huko ni ndogo mno: kwa miaka mingi kikomo chake kimekuwa shilingi milioni 1 za Uganda kwa mtu mmoja, kiasi kisichofika elfu hamsini za Kenya, ambacho hakitoshi hata upasuaji mmoja wa kuweka chuma mfupani. Zaidi ya hapo mdai anategemea mali ya mdaiwa. Kama mdaiwa huyo ana mali Kenya, hukumu aliyoipata Uganda huweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya chini ya sheria ya hukumu za nchi za nje, Sura ya 43, ambayo inaitambua Uganda pamoja na Tanzania, Rwanda, Malawi, Zambia, Ushelisheli, Australia na Uingereza. Maombi ya usajili hufanywa ndani ya miaka 6 tangu hukumu, na ikishasajiliwa hutekelezwa kama hukumu ya Kenya.